Mteremko wa Pampu Namba Nne

ALHAMISI, SAA 3:15 ASUBUHI

Chumba cha nyuma kilikuwa cha fundi wa matairi, na kilinuka mpira uliochomwa. Viti havikuwepo. Kila mtu alikalia tairi lake. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya ringi mbili, na juu ya mlango huo Bwana Harusi alikuwa akichora kwa chaki.

"Hapa pampu," alisema. "Hapa njia ya kutokea. Inashuka, inakata kushoto, inaingia barabarani. Kazi yote tunaimaliza kwenye kona hii."

Waliitana kwa majina ya kazini. Bwana Harusi alipewa jina hilo kwa sababu hakuonekana bila suti na viatu vya ngozi vilivyong'arishwa, hata siku ya kuiba. Mwanamume aliyeegemea ukuta, mwenye bastola kiunoni na maneno kumi kwa wiki, ndiye Kimya. Kijana aliyekuwa akizungusha funguo za gari kidoleni ni Gia, dereva wao, miaka ishirini na mitatu, mikono myepesi na kichwa chepesi zaidi. Wa nne alikuwa mwanamke. Huyo walimwita Namba Nne, kwa kuwa kwa miaka tisa alisimama kwenye pampu namba nne ya kituo kile cha mafuta, pampu ya dizeli. Gia peke yake ndiye aliyemwita Da' Mkubwa, maana walizaliwa tumbo moja, na mama yao alipofariki yeye ndiye aliyemlea.

Namba Nne hakufika pale kwa tamaa. Miezi miwili nyuma alimfuata Bwana Harusi akamwambia bila kuzunguka: mwachie mdogo wangu. Bwana Harusi alimsikiliza kwa adabu zote, akamvutia hata kiti. Kisha akamwambia, "Nipe Alhamisi moja, dada. Moja tu. Jioni yake nakurudishia mdogo wako mzima, na simtafuti tena." Mwanamke akakubali. Angekubali hata Alhamisi kumi.

"Gari linalobeba dhahabu linaingia kujaza mafuta saa nane na dakika arobaini," Bwana Harusi aliendelea. "Dereva, karani, na nyuma yao askari kwenye pikipiki, bunduki mgongoni. Milango ya gari inafungwa kwa ndani. Ukipiga kelele hawafungui. Ukionyesha chuma hawafungui. Sasa niambieni, yule askari akianguka na pikipiki yake, dereva atafanya nini?"

"Atashuka kumwinua," Gia alisema.

"Atafungua mlango, atashuka kumwinua. Watu wema ni rahisi sana kuwaibia." Alitabasamu. "Dada, tueleze mambo yako."

Namba Nne aliweka kidole kwenye mchoro. "Malori ya kokoto huanza kuingia saa nane. Madereva wake hawatosheki. Pampu ikikata yenyewe wanasema ongeza. Ongeza mpaka niyaone. Nikiongeza mpaka ayaone, kifuniko hakikaziki. Akishuka mteremko, dizeli inaruka kutoka mdomoni mwa tangi na kumwagika pale kwenye kona. Kila siku inatokea. Kila siku namwaga mchanga."

"Na leo?"

"Leo ndoo za mchanga nitazificha chumba cha kubadilishia nguo."

"Ikikauka kabla hajafika?"

Hapo Namba Nne alicheka, na hakucheka tena siku ile. "Petroli ndiyo inayokauka. Dizeli haina haraka. Jua liwake, upepo uvume, yenyewe imekaa tu inang'aa. Ukimwaga maji ndiyo umeharibu kabisa, panakuwa na utelezi wa sabuni."

Angeweza kuwaeleza mengi. Jinsi harufu yake inavyomfuata mpaka kwenye shuka. Jinsi ngozi ya viganja ilivyopasuka, hata kusuka nywele za mtoto wa jirani hawezi, zinanasa. Jinsi lami ya ile kona ilivyolainika na kumomonyoka kama keki iliyochacha. Wateja wanakanyaga, wanaingia magarini, wanachafua mazulia, kisha wanarudi kumtukana yeye. Lakini Bwana Harusi hakuwa amekuja kusikiliza kero za kazi za watu.

"Lita ngapi zinatosha?"

"Tano. Tano zinavunja mtu shingo."

"Nani kataja shingo? Atachubuka goti."

Namba Nne alikuwa ameona pikipiki tatu zikianguka kwenye kona ile. Hakuna hata moja iliyoishia kwenye goti. Mmoja wa wapanda pikipiki hao, muuguzi aliyekuwa anawahi zamu, mpaka leo anatembelea magongo. Alitaka kulisema hilo. Akamtazama mdogo wake anavyozungusha funguo, akafunga mdomo.

"Gia unakuja na Kimya, unaziba chini ya mteremko, unajifanya gari limezimika. Mimi nitakuwa dukani. Askari anaanguka, Kimya anachukua bunduki, mimi nachukua kasha. Sekunde tisini. Kilomita tatu mbele, nyuma ya tanuri la matofali, tunabadilisha usafiri."

"Tunabadilisha na nini?" Gia aliuliza.

"Utakiona." Bwana Harusi alifungua mfuko wa plastiki. "Simu zote humu."

Gia aliweka yake bila kuuliza. Yule mtu angemwambia aweke na meno, angeyaweka. Namba Nne peke yake ndiye aliyeachiwa simu, kwa sababu msimamizi wake angeshangaa.

SAA 7:25 MCHANA

Kimya alifika kituoni akiwa juu ya pikipiki.

Hilo halikuwemo kwenye mchoro. Alisimama kwenye pampu ya petroli, na kwa kuwa mhudumu wa pale alikuwa amekwenda kula, ikabidi Namba Nne avuke aende kumhudumia. Wote wawili wakajifanya hawajuani. Pikipiki ilikuwa kubwa, safi, namba zake zimepakwa tope. Kwenye usukani zilining'inia helmeti mbili.

"Jaza," Kimya alisema.

Akajaza. Tarakimu zilipanda kwenye kioo cha pampu, naye akawa anahesabu hesabu nyingine. Pikipiki moja. Helmeti mbili. Wanaume watatu.

"Hii ndiyo ya tanuri la matofali?" aliuliza, macho kwenye tangi.

Kimya akatikisa kichwa kukubali.

"Na mdogo wangu atapanda wapi?"

Kimya alitazama tarakimu. Zikasimama. Alitoa pesa, akazikunja mara mbili, akampa. Labda alimwonea huruma. Labda alichoka tu kubeba siri ya mtu mwingine. Akayatumia maneno yake ya wiki nzima palepale.

"Sura yake inajulikana, dada. Mkuu kasema hatoki kule."

Akavaa helmeti moja, akaondoka. Namba Nne alibaki na mkono wa pampu ukimdondokea kwenye kandambili.

SAA 7:50 MCHANA

Alipiga simu ya Gia mara sita. Imezimwa. Alijua imezimwa, lakini alipiga.

Aliingia chumba cha kubadilishia nguo akakaa juu ya ndoo ya mchanga. Alihofu, na hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, hasira ya mtu aliyevutiwa kiti kwa adabu kisha akapewa ahadi ya uongo. Nakurudishia mdogo wako mzima. Mzima!

Akafikiri haraka, kwa mpangilio, kama anavyofikiri foleni ikiwa ndefu. Kuwaita polisi? Wangekuja na risasi, na anayekaa kwenye usukani ndiye anayepigwa wa kwanza. Kumwaga mchanga kwenye kona? Askari hataanguka, atafika chini akiwa na bunduki yake, akutane na Kimya. Watapigana risasi, na Gia katikati. Kuwaacha waendelee? Gia anaishia nyuma ya tanuri.

Bila dhahabu, alijiambia. Bila dhahabu hakuna kugawana, na pasipo kugawana hakuna wa kupunguzwa. Gari lile lisishuke mteremko ule. Wakose tu. Wakose, watawanyike, kila mtu ale kona yake, na jioni yeye amshike Gia shati amweleze.

Ukutani, juu ya kichwa chake, palikuwa na karatasi ya zamani iliyopigwa plastiki. Ilikuwa inaeleza la kufanya dizeli ikimwagika. Kwanza, zuia magari. Pili, weka koni, funga njia. Tatu, mchanga. Nne, mwarifu msimamizi. Kwa miaka tisa wao walikuwa wakianza na ya tatu na kuishia hapohapo, kwa sababu msimamizi alisema koni zinafukuza wateja. Koni zenyewe zilikuwa nyuma ya mlango, nne, zimejaa buibui.

Akazipangusa kwa kitambaa cha kioo.

SAA 8:14 MCHANA

Lori la kokoto liliingia likipumua. Dereva wake alikuwa mnene, mwenye furaha, na kijiti mdomoni.

"Jaza, mpenzi. Mpaka niyaone."

Pampu ikakata. "Ongeza," alisema. Ikakata tena. "Ongeza, ongeza, usinionee." Namba Nne angeweza kukataa. Alikuwa na hoja zote za kukataa. Lakini Bwana Harusi angefika na kukuta kona kavu, angeelewa mapema, na angebadilisha mpango akiwa na muda wa kuubadilisha. Pawe na dizeli, basi. Dizeli ndiyo sababu yake ya kuweka koni. Akaongeza mpaka mafuta yakapanda kwenye shingo ya tangi, yakacheka, yakatiririka ubavuni.

"Hapo sawa!" dereva alisema, akabandika kifuniko nusunusu.

Lori likashuka. Kwenye kona likalalia upande, na dizeli ikaruka kwa pigo moja zito, ikatandaa mteremko mzima, upana wote wa njia. Ilimwagika zaidi ya lita tano. Kutoka juu iling'aa rangirangi, nzuri kutazama.

SAA 8:31 MCHANA

Bwana Harusi alifika kwa miguu na gazeti kwapani. Suti ya kijivu. Alipita karibu na pampu namba nne, akatupa jicho kwenye mteremko, akaridhika.

"Kazi safi, dada," alisema bila kusimama.

Akaingia dukani, akasimama nyuma ya kioo. Namba Nne aliyahisi macho yake mgongoni. Akaanza kufuta kioo cha gari ambalo halikuwa chafu.

SAA 8:37 MCHANA

Gari la dhahabu liliwahi dakika tatu. Lilikuwa jeupe, halina maandishi, madirisha madogo. Pikipiki ya askari ilisimama nyuma yake. Askari alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kila Alhamisi alimsalimia kabla ya dereva wake kufungua mdomo.

"Habari ya kazi, mama."

"Nzuri, baba."

Akaweka mkono wa pampu tangini, akaukazia ujaze wenyewe. Kisha akatembea. Hakukimbia. Akaingia chumba cha kubadilishia, akatoka na koni nne mikononi, akazipanga mdomoni mwa njia ya kutokea, moja, mbili, tatu, nne. Akarudi.

Mlango wa duka ulifunguka. Bwana Harusi alikuja kwa hatua za kawaida, gazeti mkono wa kushoto, mkono wa kulia mfukoni. Alikuwa bado anatabasamu.

"Dada. Unafanya nini?"

"Kazi yangu."

"Ziondoe."

"Msimamizi ananitazama." Ilikuwa kweli. Msimamizi alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi, mikono kiunoni, anashangaa nani amemruhusu kutoa koni.

"Ziondoe," Bwana Harusi alirudia polepole, "au Gia..."

"Gia nimeshamjua atalala wapi leo," alisema. Sauti haikumtetemeka, na baadaye alijishangaa. "Pikipiki moja, helmeti mbili. Nimeijaza mimi mwenyewe."

Tabasamu la Bwana Harusi likafa. Pampu ikakata. Katikati ya wanaume wawili wenye silaha, mmoja anajua na mwingine hajui, Namba Nne alichomoa mkono wa pampu, akafunga kifuniko, akakikaza mpaka kikalia. Akamwendea askari.

"Baba, kule kumemwagika dizeli. Geuzeni, mtokee mlango wa kuingilia."

"Ah, asante sana," askari alisema. "Wiki jana nusura niende chini pale." Akapiga ubavu wa gari kwa kiganja. Dereva akanung'unika, akageuza.

SAA 8:43 MCHANA

Chini ya mteremko Gia alikuwa ameshaziba njia. Kofia ya injini ilikuwa juu, kama walivyopanga. Kimya kiti cha nyuma.

Bwana Harusi alilitazama gari jeupe likitoka upande mwingine na kuingia barabarani. Namba Nne aliomba kimoyomoyo. Kata tamaa. Kata tamaa uondoke. Lakini mtu aliyepanga jambo kwa miezi miwili hakati tamaa kwa dakika moja, na hapo ndipo yeye alipokosea hesabu. Bwana Harusi alitupa gazeti, akapiga teke koni, akakimbia kuteremka.

"Washa!" alipiga kelele. "Gia! Washa, tulifuate!"

Hatua ya tatu ilikanyaga dizeli. Soli za ngozi. Miguu ilimtoka mbele yote miwili kwa pamoja, akatua kwa mgongo na kiwiko, na mfupa ulilia hadi juu kwenye pampu. Akateleza mita kadhaa akiwa chali, suti yote imelowa, akabaki pale anajaribu kuinuka na kuanguka, kuinuka na kuanguka. Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Aliona bastola imemtoka mfukoni, akaacha kucheka.

Gia akafungua mlango.

"Usishuke!" Namba Nne alikuwa ameshaanza kukimbia pembeni, juu ya ukingo wa saruji, ambako hakukuwa na mafuta. "Gia, usishuke!"

Alishuka. Bila shaka alishuka. Alimpenda yule mtu kuliko baba ambaye hakumjua. Akaingia kwenye dizeli mzimamzima, akayumba, akapiga goti, akamshika bosi wake kwapani na kumburuta hadi garini, akamtupa kiti cha mbele. Akapiga kofia ya injini chini. Akazunguka upande wa usukani. Viatu vyake vilichora alama nyeusi kila alipokanyaga.

Namba Nne akafika mlangoni. Alikuwa na pumzi ya sentensi moja. Gia alikuwa ameshakaa, mkono kwenye funguo, na kwa sekunde moja alimgeukia dada yake, akamsikiliza. Namba Nne alikuwa na neno la kumwambia. Wanataka kukuua. Maneno mawili tu. Kwa saa nzima alikuwa ameyabeba.

Macho yake yakashuka kwenye soli zinazodondosha, na mdomo ukasema kile ulichokisema mara ishirini kwa siku kwa miaka tisa.

"Futa viatu!"

Gia alimkodolea macho. "Una wazimu, Da' Mkubwa?"

"Miguu yako, Gia, pedali, futa kwanza..."

"Endesha!" Bwana Harusi alifoka, uso mweupe kwa maumivu. "Huyu katuchoma! Endesha!"

Mlango ukafungwa usoni mwa Namba Nne.

SAA 8:45 MCHANA

Kutoka ukingoni aliona gari likiondoka kwa kasi, likayumba, likanyooka. Mbele, mita mia mbili, kulikuwa na njia panda, na kwenye njia panda lori la kokoto, lingine, lilikuwa linaingia barabarani polepole na mzigo wake. Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Hata mwanafunzi wa udereva angesimama.

Hakusikia breki. Alisubiri mlio wa matairi, haukuja. Akasikia injini ikinguruma zaidi, kama mtu aliyekusudia, na papo hapo kishindo.

Akaelewa. Mguu ulikuwa umeteleza juu ya pedali ya breki na kuangukia ya mafuta.

Alikimbia. Kandambili moja ilimtoka akaiacha.

Mlango wa nyuma ulifunguka kabla hajafika. Kimya alitoka, damu sikioni, bastola mkononi, akatazama kushoto na kulia. Akamwona mwanamke anakuja. Hakumwelekezea bastola. Alimtazama tu, kisha akavuka mtaro akiburuta mguu, akapotea kati ya maghala, upande wa tanuri la matofali. Bwana Harusi alikuwa amepita kwenye kioo cha mbele. Alilala juu ya kokoto zilizomwagika, kiatu kimoja kimemtoka, na haikuhitajika kumgusa ili kujua kwamba amekufa.

Gia alikuwa hai. Usukani ulimbana kifuani, na kuanzia magotini kushuka hakukuonekana kitu ila vyuma.

"Breki," alisema. "Da' Mkubwa, breki imekataa."

"Haijakataa." Alikuwa ameingiza mikono dirishani, amemshika uso. "Ni viatu. Nilikuambia vibaya. Nilikuwa na neno jingine, likanitoka hilo."

Chini ya lori tangi lilikuwa limepasuka. Dizeli ilikuja taratibu, ikapita chini ya miguu yake, mmoja wenye kandambili na mmoja mtupu. Namba Nne hakusogea.

"Koni umeweka wewe," Gia alisema.

"Mimi."

"Umetuchoma."

"Walikuwa wanakwenda kukuua. Kwenye tanuri. Usafiri wenyewe ni pikipiki moja, helmeti mbili. Kimya kaniambia kwa kinywa chake."

"Muongo."

"Sawa. Mimi muongo. Usifumbe macho."

"Asingenifanyia hivyo." Alikuwa analia sasa, kwa sauti ya mtoto ambayo dada yake hakuisikia tangu msiba wa mama. "Bwana Harusi asingenifanyia hivyo. Yuko wapi? Yuko salama?"

Namba Nne aligeuza kile kichwa kidogo kidogo, kiangalie upande wake, kisiangalie barabarani.

SAA 8:58 MCHANA

Zimamoto walikata mlango. Walimtoa Gia wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, mguu wa kushoto umefunikwa, na mtu wa gari la wagonjwa alipouangalia alimkonyeza mwenzake wafanye haraka. Askari polisi mmoja alikuwa na daftari. Aliuliza nani anawafahamu waliokuwa garini.

Msimamizi wa kituo alifika anahema, tai begani.

"Huyu ni mfanyakazi wangu," alisema, akimwonyesha Namba Nne kwa fahari ambayo haikuwahi kuwepo. "Ndiye aliyefunga njia. Ameona dizeli, akaweka koni, akaokoa gari la watu. Amefuata utaratibu mwanzo mpaka mwisho. Andika hilo, afande."

Askari akaandika. "Vizuri sana, mama. Na huyu kijana? Unamjua?"

Gia alifungua macho. Alimtazama dada yake juu chini, sare ya kituo, mguu mtupu, mikono yenye damu yake.

"Simjui," alisema. "Ni mhudumu tu wa pampu."

Namba Nne hakujua kama anafichwa au anatupwa. Pengine Gia mwenyewe hakujua. Alichojua dada ni kwamba njia iko wazi. Angerudi nyuma hatua tatu tu, na kesho angeamkia kazini, labda hata angepewa barua ya pongezi yenye mhuri. Naye Gia angeamka hospitalini, mguu mmoja, askari mlangoni, akiamini kwamba duniani hana mtu. Hakumlea kwa ajili ya hilo.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Mama yetu mmoja. Na ile dizeli nimeimwaga mimi, kwa makusudi. Mpango niliujua tangu asubuhi. Andika na hilo, afande."

Kalamu ilisimama.

"Da' Mkubwa, nyamaza!" Gia alijaribu kuinuka kitandani, wakamrudisha chini. "Nyamaza, watakufunga! Msimsikilize huyo, hajui anasema nini!"

Askari alimtazama kijana, akamtazama mwanamke. Akafunga daftari, akatoa pingu kiunoni.

"Nakuomba jambo moja," Namba Nne alisema, akinyoosha mikono. "Nipande naye."

Gari la wagonjwa lilikuwa limeshawashwa. Mtu wa ndani aliita kwamba hawana muda wa mashauri. Askari alifikiri kidogo, kisha akamfunga pingu mkono mmoja, na upande wa pili akaufunga kwenye chuma cha kitanda cha Gia. Wakawapandisha wote wawili, na milango ikafungwa.